Kinyozi Asiyekataa Mzigo

Baba yangu ni kinyozi, na akiwa nyumbani hakuna neno analolipenda kama "hapana". Muombe hela ya viatu: hapana, hivyo ulivyo navyo vina tatizo gani? Mwambie tubadilishe pazia la sebuleni, ambalo jua limelila mpaka jirani anaona tunachokula: hapana, bado zima. Hata paka wetu aliingia kwa mlango wa nyuma akakaa bila kuomba ruhusa, maana angeomba angenyimwa. Lakini mtu huyohuyo akishavuka barabara, akafungua duka lake na kuvaa lile koti jeupe la vifungo vya begani, hapana zote zinamwishia. Wateja wanamwita Bwana Sawa. "Bwana Sawa, niachie simu hapa ijae chaji mpaka jioni." Sawa. "Bwana Sawa, leo sinyoi, nimekuja kusoma gazeti tu." Sawa, kaa.

Usidhani ni woga. Ana sababu yake, na nimeisikia tangu sijaota meno ya ukubwani. Mzee aliyemfundisha kazi alimwambia kwamba mwenye wembe habishani na mwenye shingo. Ukimkatalia mteja jambo, atageuka akutazame. Akigeuka, kichwa kimetikisika. Kichwa kikitikisika, umemkata. Kwa hiyo wembe ukiwa kwenye ngozi ya mtu, lolote atakalosema ni sawa. Na akishashuka kitini, baba anaona haya kurudi nyuma, basi sawa inabaki palepale. Katika maisha yake yote ya kazi hajamchubua mteja hata mmoja, hilo nampa. Wanaotoka damu ni sisi familia yake.

Nina haki ya kusema, kwa sababu hakuna kinachonipita. Nina meza yangu ya vocha na chaja za simu mlangoni pa duka lake, na kila anayeingia lazima anipite mimi kwanza. Mdogo wangu, Bonge, ni dereva wa gari la mikate; kazi yake inaisha mapema, halafu anakuja kukaa kwenye kiti changu na kunifukuzia wateja kwa kukoroma. Mama yuko chumba cha kufulia cha hospitali, mashuka kutwa nzima, na mikono yake inanukia sabuni hata siku ya mapumziko. Ndio sisi hao, wote.

Sasa, mama alilelewa na dada yake. Mama yao alifariki yeye akiwa hajui hata kufunga kamba za viatu, na dada mtu ndiye aliyembeba, akamwogesha, akampeleka shule, akamchapa alipostahili na asipostahili. Kisha dada akaolewa mbali, nchi ya pili kutoka yetu. Unavuka mpaka mmoja, na hujakaa sawa unavuka mwingine. Sisi watoto tunamwita Mama Mkubwa, na tunamjua zaidi kwa simu: sauti nzito, kicheko kirefu, na maswali ya lini nitaolewa. Mwaka huu akaanza maswali mapya. Akawa anamuuliza mama amevaa nini, amenenepa au amekonda, mvi zimefika wapi. Mama akamshtukia, akambana, ikabidi ukweli utoke. Ni mtoto wa jicho. Jicho moja lilikuwa limeshakwenda, la pili linafuata, na daktari wa huko hakuwa amemwahidi kitu.

Mama aliweka simu mezani. "Nataka nimfikie akiwa bado anaona," alisema. "Mimi kumwona nitamwona siku yoyote. Nataka yeye anione mimi."

Utasema, si apande basi aende zake? Thubutu! Mama akipanda basi anatapika kabla kondakta hajafunga mlango. Anachokiweza ni gari dogo, kiti cha mbele, dirisha wazi. Gari la namna hiyo tunalo, kuukuu, refu la nyuma, ambalo baba huliosha kila Jumapili na kulitoa nje ya geti kwa nadra sana, kwa sababu barabara zinachakaza matairi.

Hapo ndipo baba alipotuacha midomo wazi. Alimeza chai yake, akasema, "Tutakwenda."

Nikamtazama Bonge, Bonge akanitazama.

"Wote," akaongeza. "Na hatuendi kugusa na kurudi. Tunachukua likizo ya wiki kadhaa, tunazunguka nchi za jirani kama watu wenye akili zao, na wa kwanza kumfikia ni dada yako."

Bonge alinyoosha mkono akamshika baba paji la uso kuangalia kama ana homa. Mama hakusema asante. Alimwongezea kijiko cha sukari kwenye chai, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu daktari amkataze baba vitu vitamu, kisha akaenda chumbani kutafuta begi. Nilimsikia akiimba huko ndani.

Kosa la baba lilikuwa moja tu. Safari hiyo alikwenda kuipangia dukani.

Mwalimu Mstaafu, ambaye huja kunyolewa kila wiki ingawa juu pale hapajaota kitu tangu nizaliwe, alileta ramani ya darasani, ile ya kitambaa yenye ubao juu na chini. Ikatundikwa kando ya kioo. Baba akachora safari yetu kwa chaki: mstari mmoja msafi kutoka kwetu mpaka kwa Mama Mkubwa, halafu unazunguka taratibu kurudi nyumbani. Ulikuwa mstari mzuri, hata mimi niliusifia. Haukufika mchana.

Wa kwanza alikuwa Fundi Bomba. Alikuwa amelazwa kitini, povu mpaka masikioni, jicho moja liko kwenye ramani.

"Bwana Sawa, naona mtapita huku."

"Tutapita hapo pembeni yake."

"Basi ni palepale. Dada yangu anajenga, na huko sinki zuri hakuna. Nitakupa umfikishie."

Wembe ulikuwa chini ya kidevu. Mimi nilishaona kinachokuja, nikapiga kelele kutoka mlangoni, "Baba, kataa!" Fundi Bomba akageuza shingo kunitazama, na baba akanikazia macho kana kwamba mimi ndiye ninayetaka kumchinja mtu. Kisha akasema neno lake. Akachukua chaki, akaupinda mstari.

Habari zikazagaa. Watu ambao ndevu zao zilikuwa hazijakomaa walikuja kunyoa. Muuza Vipuri alikuwa na binamu aliyegonga gari na kukosa bampa. Jirani wa ng'ambo ya barabara, mtu anayefuga ndevu ili tu apate sababu ya kuja kuzichonga, alikuwa na godoro la mama mkwe wake. Mwalimu Mstaafu naye, aliyeleta ramani kwa moyo safi, alikumbuka ghafla kwamba ana sanduku la vitabu kwa mwanafunzi wake wa zamani, mtu mzima sasa, ambaye nina hakika hakuwahi kuviomba. Sawa, sawa, sawa. Mstari ule ukapinda, ukajiviringisha, ukarudi nyuma, ukavuka mpaka mmoja mara mbili bila sababu ya maana, mpaka ramani ikawa kama kichwa kisichochanwa. Na ule mji wa Mama Mkubwa, uliokuwa wa kwanza, ukasukumwa, ukasukumwa, mpaka ukabaki mkiani kabisa.

Nilimwambia mama. Ndiyo, nilimchongea, na ningemchongea tena. Jioni, tukiwa mezani, akamuuliza baba kwa upole ambao mtu mwenye akili angekimbia.

"Kwa dada tunafika lini?"

"Tunafika."

"Lini?"

"Tukirudi."

"Tukirudi kutoka wapi?"

Baba akatafuna muda mrefu kitu ambacho hakikuhitaji kutafunwa. "Kote kote," akasema. "Lakini mke wangu, mbona unanibana? Watu wameshaniomba. Nimeshawaambia sawa."

"Na mimi?"

"Wewe si ni wa nyumbani!"

Lo! Mama aliinuka akaichukua sahani ya baba, na nyama ikiwa bado juu yake, akaipeleka jikoni. Baba alibaki na kijiko mkononi. Tangu jioni ile mama hakumsemesha, na mama asiposema, nyumba nzima inasikia.

Siku ya kujaribu kupakia ndiyo iliyoharibu kila kitu. Bonge aliegesha gari uani, tukaanza kubeba. Bampa likaingia nyuma kimshazari, godoro likakunjwa likafungwa kamba juu ya gari, sanduku la vitabu likaifanya sehemu ya nyuma ikae chini na pua iangalie juu. Sinki likakataa kila mahali. Tulilijaribu kulala, kusimama, kichwachini. Mwisho baba, akitokwa na jasho, akalikalisha kiti cha mbele. Lilikaa vizuri ajabu. Akalifunga mkanda.

Mama alikuwa anatoka ndani na begi lake. Akasimama. Akalitazama sinki, sinki likamtazama, na lile tundu lake katikati kama mdomo wa mtu aliyeshikwa na mshangao.

"Wewe utakaa nyuma kidogo," baba akasema haraka haraka. "Katikati hapo, Bonge huku, binti huku, hutaanguka. Ni mpaka tulifikishe tu."

"Nyuma nitatapika."

"Tutabeba mfuko."

Nilitamani nizame ardhini kwa niaba ya baba yangu. Nikafungua mdomo, lakini mama alinishika mkono. Hakulia, hakufoka. Alilirudisha begi ndani, akatoka tena, akaanika kanga zake kwenye kamba moja baada ya nyingine, akizinyoosha pembe. Bonge aliniambia kwa kunong'ona, "Huyu anapanga kitu." Nikamwambia kanga hazipangwi kwa hasira namna ile bure.

Jumamosi ndiyo siku ya duka kujaa. Benchi lote lilikuwa limejaa watu, redio inapiga kelele, nywele sakafuni mpaka kwenye vifundo. Nikamwona mama anavuka barabara, amejifunga kitambaa kichwani, mkoba begani. Nikadhani amesahau kitu kwangu. Akanipita, akaingia, akawasalimia wanaume wote, akamuuliza wa mwisho ni nani, akakaa nyuma yake.

Baba alisimamisha mkono hewani. "Mke wangu, kuna nini nyumbani?"

"Nyumbani salama. Nimekuja kunyoa."

Redio ilizimwa, na mpaka leo sijui ni nani aliyeizima. Wanaume wakataka kumpisha mbele, shikamoo mama, pita mama, akakataa: kila mtu kwa zamu yake, hapa ni kazini kwa watu. Akasubiri. Nadhani baba hakuwahi kunyoa watu taratibu kama siku ile. Kila akimaliza kidevu, anarudia. Lakini benchi halidanganyiki milele, na zamu ikafika.

Mama alikaa kitini. Akafungua kitambaa. Alikuwa ameshazifumua nywele zake, zile nywele alizozitunza tangu sijazaliwa, ambazo kuzisuka tulikuwa tunashika zamu wawili wawili, na zikamwangukia mabegani, mvi na nyeusi pamoja.

"Zipunguzwe?" baba aliuliza. Alikuwa ameshika mkasi.

"Mkasi weka. Nyoa zote, kwa wembe."

Ndipo nilipoelewa, nikajishika mdomo. Mkasi haumfanyi baba yangu aseme sawa. Wembe ndio unaomfanya.

Alizikata kwanza, akazilaza juu ya taulo safi wala hakuziacha zidondoke sakafuni na za wengine. Akapaka povu. Akaunoa wembe kwenye mkanda muda mrefu, akaanza na utosi. Alipofika nyuma ya sikio, pale ngozi inapokuwa nyembamba, mama akasema, huku amefumba macho:

"Bwana kinyozi, nasikia mnasafiri."

Baba akaendelea kunyoa. "Tunasafiri, mama."

"Nasikia mnachukua mizigo ya watu."

"Tunachukua."

"Na mimi nina mzigo wangu, naomba mnifikishie kwa dada yangu. Ila una masharti. Unakaa mbele, dirishani. Haufungwi kamba. Na ufikishwe kwanza kabla ya mizigo yote, kwa sababu macho ya anayeupokea hayasubiri mpaka mrudi."

"Mzigo gani huo?"

"Umeushika kichwa."

Fundi Bomba, aliyekuwa kwenye benchi, alitazama viatu vyake kama amepoteza kitu humo. Baba alisimama na wembe nyuma ya sikio la mke wake. Nilimwona kwenye kioo. Mtu anayejua kukataa kuliko wote niwajuao alikuwa anatetemeka midomo, na mkono haukutikisika hata chembe.

"Sawa," akasema.

"Sijasikia, povu limeingia sikioni."

"Nimesema sawa, mke wangu. Sawa."

Duka lililipuka kwa vicheko. Mwalimu Mstaafu alipiga makofi, Fundi Bomba akasimama akaanza kujitetea, sinki lake atalichukua leo leo, hakujua, asamehewe. "Liache," mama alimwambia, kichwa kinang'aa, anajitazama kwenye kioo upande huu na upande ule. "Litapanda juu na godoro. Sinki halina kosa." Kisha akashuka, akajifunga kitambaa chake, akaenda nyumbani. Baba alichukua kitambaa kibichi akafuta ramani yote, akachora upya mstari wa kwanza kabisa, moja kwa moja mpaka kwa Mama Mkubwa, na akaukolezea chaki mara mbili.

Tukasafiri. Mama mbele, dirisha wazi, upepo unampiga kichwa kipya, anacheka peke yake. Mpaka wa kwanza ofisa alilizunguka gari letu, akatazama godoro, bampa, sinki.

"Mnahama?"

"Hapana, afande, tunatembea," Bonge akajibu.

"Na sinki?"

"Na lenyewe linatembea."

Akatugongea mihuri huku anatikisa kichwa.

Mama Mkubwa alikuwa amesimama getini kwake, amevaa nguo ya kutokea, mkono mmoja juu ya nyusi kuzuia jua. Mama aliruka kutoka garini kabla gari halijasimama vizuri. Akaenda mbio, halafu akapunguza mwendo, kama mtu anayeogopa kukifikia anachokikimbilia. Mama Mkubwa akakodoa macho, akakitazama kile kichwa kinachong'aa kwa jua, uso ukachangamka.

"Karibu, shemeji!" akasema kwa ile sauti nzito. "Mke wako umemwacha wapi?"

Mimi na Bonge tulikuwa tumeshaanza kucheka. Kicheko kilitukatikia njiani. Tuliiona sura ya mama kwa pembeni, na sitaki kuiona tena. Njia yote ile, nywele zote zile, na bado alikuwa amechelewa.

"Dada," akasema. "Ni mimi."

Mama Mkubwa akasogea. Akanyoosha mikono, akamshika mashavu, masikio, akapanda mpaka juu. "Sauti ni ya mdogo wangu," akasema, "kichwa ni cha nani?" Halafu akacheka kile kicheko chake kirefu, machozi yanamtiririka, na mama naye akacheka na kulia kifuani mwake. Baba alibaki garini, ameshika mlango, haufungui.

Siku zile tulizokaa hapo nyumba haikulala kwa maneno. Mama alimsimulia dada yake kila kitu, sinki, mkanda, benchi, mpaka sawa ya pili, na Mama Mkubwa akawa anamwomba arudie pale pa povu sikioni. Lakini tulijua pia jambo ambalo hakulisema kwenye simu. Daktari alikuwa amekubali kulipasua lile jicho lililobaki. Baada ya hapo angelala na bandeji, na kutiwa dawa ya matone asubuhi, mchana na jioni, kwa wiki nyingi, na wa kumtia ni nani? Mume alishafariki, watoto wake wako miji ya mbali na kazi zao. Kwa hiyo alikuwa amemwambia daktari asubiri kwanza. Aliyasema hayo huku anamenya viazi kwa kupapasa, kama anasimulia habari za jirani.

Asubuhi ya kuondoka tukapanga mizigo. Mama alikuwa amesimama mlangoni na begi lake. Mama Mkubwa akatoka uani, akageuza ndoo, akaikalia, akavua kitambaa.

"Shemeji, na mimi ninyoe kama mdogo wangu, tufanane."

Baba hasafiri bila vifaa vyake. Akapaka povu, akaanza. Alipofika nyuma ya sikio, yule mwanamke, nakuapia, alitabasamu kabla ya kusema.

"Shemeji, nasikia mtu akiwa chini ya wembe wako humkatalii kitu."

"Ndivyo wanavyonisingizia."

"Basi niachie mdogo wangu. Akae na mimi mpaka jicho lipone. Nyumba yako najua itapooza, najua ninachokuomba."

Nilimtazama mama. Hakutikisa kichwa kukubali wala kukataa. Alilishika begi kwa mikono miwili, na baba naye alimtazama, akakaa anamtazama. Nikamsubiri aseme neno lake pale pale, kama alivyosema kwa masinki na mabampa ya watu. Hakusema. Alimaliza kunyoa bila kujibu, taratibu, mpaka unywele wa mwisho. Akaufuta wembe, akaukunja, akautia mfukoni. Akamzunguka Mama Mkubwa, akachuchumaa mbele yake, karibu, ili amwone. Wembe ukiwa mfukoni baba yangu anajua kusema hapana kuliko mtu yeyote, na sote pale tulilijua hilo.

"Sawa, shemeji," akasema.

Mama aliliweka begi chini.

Sisi tukaendelea na likizo, ikiwa hiyo ndiyo likizo. Godoro tulilifikisha, mama mkwe akalikalia hapo hapo barabarani akasema ni gumu. Mwanafunzi wa Mwalimu Mstaafu alipoona lile sanduku alitutumia mkewe aseme hayupo. Njia nzima sinki lilikuwa linagonga juu ya bati, dung, dung, na Bonge alipouliza kama tuliteremshe likae mbele, maana kiti sasa ni kitupu, baba alimjibu hapana ambayo hatukuthubutu kuuliza tena. Dada yake Fundi Bomba alilipokea kwa vigelegele. Tulipofika nyumbani, nilimwomba baba anibadilishie meza yangu ya vocha, akasema sawa bila hata kuinua kichwa, na nikajua mtu huyu anaumwa. Alikuwa anajipikia chai, anasahau majani, anaimwaga, anapika nyingine.

Simu ilipigwa siku ya katikati ya juma, duka likiwa na mteja mmoja. Niliipokea mimi, nikaweka sauti kubwa, nikaiingiza ndani nikiwa nakimbia. Mama alikuwa anapiga kelele kana kwamba yuko juu ya mlima.

"Wamefungua bandeji! Ameniona! Mume wangu, unanisikia? Ameniona, jambo la kwanza kuniambia ni kwamba nimezeeka!" Nyuma yake tulimsikia Mama Mkubwa akisema ndiyo, tena amezeeka vibaya, na wote wawili wakacheka mpaka simu ikakwaruza.

Baba aliuweka wembe kwenye kikombe cha maji. Akavuta kile kiti changu cha mlangoni, akakaa, akaishika simu kwa mikono yote miwili. Mteja, uso umejaa povu upande mmoja, aliuliza atamaliziwa saa ngapi, ana haraka.

"Subiri," baba akamwambia. "Naongea na mke wangu."